Nimefuta Faili, Mbona Jina Bado Lipo?

Jioni moja nilikuwa kwenye foleni ya stesheneri huko Sinza, flashi mkononi, mbele yangu mama wa makamo aliyekuja kuchapiwa barua. Kijana wa dukani alifungua Word. Kioo cha kompyuta kilikuwa kimegeuziwa wateja, kama ilivyo kawaida ya maduka yale, ili mtu asome kazi yake kabla haijaprintiwa. Ikashuka orodha: mkataba wa kupanga fremu, wasifu wa watu watatu au wanne wanaotafuta kazi, "mirathi marekebisho 2", ripoti ya mafunzo kwa vitendo, na katikati yake jina ambalo yule mama alilitambua mara moja. Ilikuwa barua yake ya wiki iliyopita, ya kumlalamikia mwajiri.

"Mwanangu, hii si ulisema umeifuta?"

"Mama, niliifuta. Tena ulikuwa umesimama hapo hapo."

"Sasa hii ninayoiona ni nini?"

Kijana akabofya lile jina. Word ikajibu kwamba faili halipatikani, huenda limehamishwa au limefutwa. Mama hakuridhika. Kwake yeye jina likiwepo, barua ipo. Na kama barua ipo, kesho atakuja mtu wa ofisini kwao kuprinti shughuli zake na ataisoma. Kijana naye anaapa. Nami nyuma yao nawaza kwamba wote wawili wanasema kweli, na kwamba ubishi huu nimeukuta maofisini na majumbani, hata kwa watu wanaoitwa mafundi. Linalotuchanganya ni neno lenyewe, "historia". Tunalitaja kana kwamba ni kitu kimoja, kinakaa mahali pamoja, na kina kitufe kimoja cha kukifuta.

Daftari la mlinzi

Kila aliyewahi kuingia ofisi ya serikali au jengo la benki anamjua mlinzi wa getini na daftari lake. Unaandika jina, unakotoka, unayekwenda kumwona, saa ya kuingia. Ukishamaliza shida zako ukaondoka, jina lako linabaki daftarini. Na mtu akichana ule ukurasa wakati wewe bado uko ghorofa ya tatu, hujatoka. Umefutwa daftarini tu, mwili wako ungali kwenye kiti.

Faili ndiye mgeni. Ni barua yenyewe, na maneno yake yote, imekaa kwenye diski. Orodha inayoonekana ukifungua Word ndiyo daftari. Ndani yake hakuna barua. Kuna jina la faili, folda lilimokuwa, na wakati lilipofunguliwa. Ndiyo maana kufuta faili hakufuti jina, na kufuta jina hakufuti faili. Yule kijana alimtoa mgeni nje akasahau daftari. Wapo wengi wanaofanya kinyume chake: wanasafisha orodha, wanashusha pumzi, na barua imelala kwenye folda ya Documents ikimsubiri yeyote atakayeifungua.

Mtu anaweza kusema jina tupu halina madhara. Lina madhara, kwa sababu ya tabia moja ya Word ambayo wengi hawajaizingatia. Unapohifadhi kazi kwa mara ya kwanza bila kuipa jina, Word hukupendekezea jina kutokana na maneno ya mwanzo ya waraka. Sasa angalia barua zetu zinavyoanza: jina la mwandishi, au anuani yake, au kichwa kikubwa cha herufi kubwa. Mwenye haraka anabonyeza Enter. Matokeo yake orodha ya kompyuta ya duka inakuwa kama ubao wa matangazo wa mtaa: nani anaacha kazi, nani anaomba mkopo, nani yuko mahakamani.

Ugumu mwingine ni kwamba jengo hili halina mlinzi mmoja. Getini yupo mmoja, mapokezi yupo mwingine, kila ghorofa ina wa kwake, na kuna mwingine yuko makao makuu ambaye huletewa nakala. Hawasomeani madaftari. Ukimwambia mmoja afute, wenzake hawana habari.

Daftari la Word lenyewe

Tuanze na lililo wazi. Word, Excel na PowerPoint kila moja ina orodha yake, na kusafisha ya Word hakugusi ya Excel. Katika Office ya 2003 orodha hii ilikuwa fupi, mafaili 4 kwa kawaida na yasiyozidi 9. Siku hizi inafika 50. Kwenye kompyuta ya mtu mmoja hiyo ni miezi kadhaa ya kazi. Kwenye stesheneri yenye wateja, ni wiki hii tu, lakini ni ya mtaa mzima.

Kuondoa jina moja, nenda File, kisha Open, utaona orodha chini ya neno Recent. Weka kishale juu ya jina, bofya kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Remove from list. Kuyaondoa yote kwa mkupuo, kwenye kijidirisha kile kile kuna maneno yanayoanza na Clear unpinned. Neno la pili hapo si pambo. Mafaili yaliyobandikwa pini, yale yenye alama ndogo ya pini pembeni, hayaondoki mpaka uyabandue kwanza. Nimeona mtu akisafisha mara tatu, jina moja linamtazama tu, naye anaanza kuzungumzia virusi. Ilikuwa pini.

Ukitaka orodha isionekane kabisa, fungua File, Options, Advanced, shuka hadi sehemu ya Display. Kuna mahali pa kuandika idadi ya nyaraka za kuonyeshwa, weka sifuri. Soma kwa makini lakini: namba hiyo inahusu kuonyesha. Kwa hiyo safisha orodha kwanza, ndipo uweke sifuri, usije ukawa umeshusha pazia mbele ya daftari lililojaa. Papo hapo kuna namba ya pili inayohusu folda, na watu huiruka. Folda iitwayo "Kesi ya shamba la Kibaha" inasema mengi hata bila faili hata moja ndani yake.

Wanaotumia LibreOffice mambo yao ni mepesi. Kwenye File kuna Recent Documents, na chini kabisa ya orodha kuna agizo la kuifuta yote.

Kurasa za intaneti ndani ya Word

Hili ndilo huwashangaza watu, maana hawategemei programu ya kuchapia barua ijue walikokuwa wakitembelea mtandaoni.

Fungua waraka wowote, shika Ctrl na K pamoja. Kinakuja kidirisha cha kuweka kiungo, kile kinachofanya neno ukilibofya likupeleke kwenye tovuti. Katika matoleo mengi ya Word na Excel, upande wa kushoto wa kidirisha hicho kuna sehemu tatu: folda uliyomo, mafaili ya karibuni, na ya katikati imeandikwa Browsed Pages, yaani kurasa zilizotembelewa. Nia ilikuwa njema. Mtu amesoma ukurasa, anataka kuuweka kwenye ripoti, Word inamsaidia asihangaike kuandika anuani ndefu.

Daftari hilo Word hailiandiki. Inalisoma kwa mlinzi mwingine, Internet Explorer, kivinjari cha zamani cha Microsoft. Mnamo Juni 15, 2022 Microsoft iliacha kukihudumia kwenye Windows 10, na vijana wengi hawajawahi kukitumia kwa hiari yao. Ila kivinjari kimezikwa, mifupa yake imebaki ndani ya Windows. Zaidi ya hapo, Internet Explorer ilikuwa na mazoea ya kuandika hata mafaili ya kawaida yaliyofunguliwa kwenye kompyuta, siyo tovuti peke yake. Ndiyo maana kwenye kompyuta kuukuu za ofisini unaweza kubonyeza Ctrl na K ukakuta orodha iliyochanganya tovuti za magazeti, za mikeka ya mpira, na majina ya barua za ndani.

Anayetumia Chrome au Firefox atahangaika hapa kwa sababu ataisafisha Chrome yake mpaka ing'are, arudi Word, akute kurasa za zamani ziko pale pale. Chrome haihusiki. Kinachotakiwa ni kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kuandika inetcpl.cpl, na kubonyeza Enter. Linatokea dirisha la Internet Options. Kwenye ukurasa wa kwanza, General, kuna sehemu ya historia na kitufe cha Delete. Weka alama kwenye History, futa, kisha funga Word na uifungue upya. Kwenye kompyuta mpya ambayo haijawahi kuguswa na kivinjari kile, orodha inaweza kuwa tupu tangu mwanzo, basi huna kazi hapo.

Na rangi ya viungo? Kiungo cha buluu ndani ya waraka, ukishakibofya, hugeuka zambarau. Wapo wanaodhani hiyo nayo ni historia iliyofichwa mahali. Inaonyesha tu kwamba kiungo kimeshabofywa.

Windows nayo ina lake

Umemaliza Word. Sasa weka kishale kwenye alama ya Word pale chini ya kioo, bofya kitufe cha kulia. Kuna kiorodha kinachopanda juu chenye majina ya mafaili. Fungua dirisha la mafaili la Windows, ukurasa wa kwanza kabisa unakuwekea uliyoyafungua karibuni. Haya yanaandikwa na Windows, siyo Word.

Kuyafuta, kwenye dirisha la mafaili tafuta Options. Ukurasa wa General una sehemu ya Privacy yenye kitufe cha Clear. Kuzuia yasiandikwe tena, nenda Settings, Personalization, Start, uzime kile kinachozungumzia vitu vilivyofunguliwa karibuni. Sitakaa sana hapa. Ni dakika mbili.

Akaunti iliyoachwa wazi

Nikitakiwa kuchagua jambo moja tu la kumwambia mtu, nitaziacha orodha zote hizo nimwambie hili.

Office ya siku hizi inataka uingie kwa akaunti. Ukishaingia, na mafaili yako yakiwa OneDrive, yaani ghala la Microsoft la mtandaoni, orodha ya karibuni haikai tena kwenye kompyuta peke yake. Inakufuata. Unafungua Word nyumbani unakuta kazi za ofisini. Unafungua ofisini unakuta wasifu uliouandika usiku kwa ajili ya kuomba kazi kwingine. Huyu ndiye mlinzi wa makao makuu. Hata ukilisafisha daftari la getini, kesho nakala inaweza kushuka kutoka juu na majina yakarudi, nawe ukadhani kompyuta ina majini.

Rafiki yangu mmoja alikwenda kuprinti tiketi na barua ya mwaliko kwenye kompyuta ya hotelini, safarini. Akaingia kwa akaunti yake ya kazini, akaprinti, akafunga dirisha la Word kwa ile alama ya X, akaondoka. Kufunga dirisha si kutoka kwenye akaunti. Alikuja kukumbuka baada ya siku nne, yuko mji mwingine. Katika siku hizo nne yeyote aliyefungua Word pale hakuona majina matupu. Alikuwa na mafaili yenyewe, yanafunguka. Kwa mfano wetu wa daftari, huyu hakuacha jina lake getini. Aliacha ufunguo wa nyumba kwenye kitasa.

Kutoka kwenyewe ni File, Account, Sign out. Ukishasahau na uko mbali, badili neno la siri, kisha ingia kwenye ukurasa wa usalama wa akaunti yako na uiamuru itoke kwenye vifaa vyote. Hiyo ya pili inaweza kuchukua muda kidogo kufanya kazi, kwa hiyo usingoje kesho.

Nakala usizozijua

Word huogopa umeme kukatika kuliko sisi tunavyouogopa, na haina haja ya kuambiwa kwa nini. Kwa kawaida kila dakika 10 hujiwekea nakala ya dharura ya kazi iliyo wazi. Ukifunga waraka mpya na kusema usihifadhiwe, mara nyingi nakala ya mwisho hubaki kwenye folda iitwayo UnsavedFiles, na Microsoft imepanga ikae siku 4. Imewaokoa wanafunzi wengi. Lakini kama umechapa barua ya siri kwenye kompyuta ya watu na ukajisemea "sikuihifadhi, basi haipo", ujue inaweza kuwepo mpaka siku ya nne. Njia ya kuzifikia ni File, Info, kisha Manage Document. Hapo patakuwa na agizo la kuzirudisha, na zikiwepo, agizo la kuzifuta zote.

Outlook ina ya kwake. Ukifungua kiambatanisho cha barua pepe moja kwa moja kwenye ile Outlook ya siku zote, hutengenezewa nakala kwenye folda iliyofichika, na ikizimika vibaya nakala inaweza kubaki. Halafu kuna ile orodha ya majina inayojitokeza unapoanza kuandika anuani ya mpokeaji, ambayo imewahi kumfanya mtu atume malalamiko kuhusu bosi kwa bosi mwenyewe. Kila jina lina alama ya X pembeni ya kuliondoa. Na kwenye Options, sehemu ya Mail, kuna kitufe cha Empty Auto-Complete List.

Hayo ni ya ofisini. Mtaani kwetu uvujaji mkubwa haupo kwenye Word wala Outlook. Upo WhatsApp. Hebu tazama kazi inavyokwenda: mteja hana flashi, anaambiwa "nitumie kwenye namba hii ya duka", anatuma, kijana anaifungua kwenye WhatsApp ya kompyuta, anaipakua, anaiprinti, anapokea hela yake. Faili moja sasa limekaa kwenye simu ya mteja, kwenye simu ya duka, na kwenye folda ya Downloads ya kompyuta. Printa ikikwama, linapakuliwa tena, na jina lake linaongezewa namba moja kwenye mabano. Ukifika nyumbani ukabonyeza futa kwa kila mtu, ujumbe utatoweka kwenye mazungumzo, mradi hujachelewa zaidi ya siku mbili na ushei. Nakala iliyokwishashuka kwenye Downloads haiguswi. Ile folda ya Downloads ya stesheneri yenye shughuli, nakuambia, ikifunguliwa na mtu mwenye nia mbaya, ina vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na namba za simu za kutosha kukopea mitandaoni kwa majina ya watu.

Pale Sinza ndipo mama alipoingiwa na baridi. Kijana alifungua Downloads ili amthibitishie kwamba barua haipo. Ilikuwepo. Mara mbili.

Jina ndani ya faili

Hadi hapa tumezungumzia madaftari yanayokaa kwenye kompyuta. Lipo moja ambalo mgeni hulibeba mwenyewe mfukoni. Kila waraka wa Word una taarifa zake za ndani: mwandishi ni nani, nani aliurekebisha mwisho, lini. Nenda File, Info, tazama upande wa kulia. Wasifu nyingi zinazozunguka mjini zimeandikwa na mtu aitwaye "hp" au "user", kwa sababu hilo ndilo jina ambalo kompyuta ya duka ilipewa siku iliponunuliwa.

Usilidharau. Februari 2003 serikali ya Uingereza iliweka kwenye tovuti yake waraka kuhusu Iraq, na iliuweka ukiwa katika umbo la Word. Waliouchunguza walikuta ndani yake kumbukumbu ya marekebisho 10 ya mwisho, na majina ya waliouhifadhi. Serikali ilikuwa tayari inaona aibu kwa sababu sehemu ya waraka ilinakiliwa kutoka kwenye makala ya mwanazuoni mmoja. Sasa na majina ya watumishi yakawa wazi. Miaka miwili baadaye, Februari 2005, huko Wichita, Marekani, muuaji aliyekuwa akiwatumia polisi barua kwa majigambo alituma disketi kwenye kituo cha televisheni. Alikuwa ameshauliza kabla kama disketi inaweza kumfichua, na polisi wakamjibu kwa tangazo la gazetini kwamba haitamdhuru. Kwenye disketi ile wataalamu walikuta waraka wa Word uliokuwa umefutwa, na ndani ya taarifa zake jina la kanisa moja na jina "Dennis". Dennis Rader, kiongozi wa baraza la kanisa hilo, alikamatwa tarehe 25 ya mwezi huo huo, baada ya miaka thelathini na moja tangu mauaji ya kwanza.

Tazama vizuri kisa hicho: faili lilikuwa limefutwa. Kufuta kwenye diski nyingi za aina ile ni kama kukata jina la sura kwenye faharasa ya kitabu. Kurasa zenyewe zinabaki mpaka maneno mapya yachapwe juu yake. Flashi pia hurudishwa mafaili yake mara nyingi, na mafundi wa mjini wanaifanya kazi hiyo kila siku kwa waliofuta picha za harusi. Kompyuta mpya zenye diski za SSD ni tofauti kidogo, kwa kawaida husafisha nafasi zilizoachwa bila kungoja.

Kutoa taarifa za ndani kabla ya kutuma waraka, tumia File, Info, Check for Issues, Inspect Document. Itakuonyesha majina, maoni ya pembeni, marekebisho yaliyofuatiliwa na maandishi yaliyofichwa, kisha uchague cha kuondoa. Fanya hivyo kwenye nakala, kwa sababu vingine vikitoka havirudi. Kubadili kuwa PDF kunasaidia, ingawa jina la mwandishi linaweza kuhamia huko nalo.

Yanayosemwa na watu

"Nilitumia dirisha la siri." Lile dirisha jeusi la Chrome linazuia Chrome isiandike ulikotembelea. Waraka uliopakua kupitia humo unabaki kwenye Downloads, na ukiufungua kwa Word, Word inaandika jina lake kama kawaida. Mlinzi wa getini alifumba macho. Wa ghorofa ya pili alikuwa macho.

"Futa historia, kompyuta itakuwa nyepesi." Orodha ya majina 50 ni uzito wa karatasi moja ya maandishi. Kama kompyuta ni nzito, tafuta sababu kwingine, na usimlipe mtu elfu kumi kwa kukusafishia Recent.

"Nikifuta, ofisi haitajua." Hapa naomba tuelewane. Makala haya ni ya mtu anayelinda barua yake kwa macho ya wapita njia. Kwenye mtandao wa kazini kuna seva, kuna nakala rudufu za kila usiku, kuna OneDrive yenye matoleo ya nyuma ya kila faili, kuna barua pepe zilizokwishafika kwa wengine. Kusafisha orodha hakugusi hata kimoja. Na kama kuna uchunguzi unaendelea, kuanza kufutafuta ndiyo njia ya haraka ya kugeuka kutoka shahidi kuwa mtuhumiwa.

"Windows siku hizi inapiga picha kila unachofanya." Hili lilianza Mei 2024, Microsoft ilipotangaza kitu kiitwacho Recall, kinachopiga picha za kioo kila baada ya muda mfupi ili baadaye uweze kutafuta ulichokiona. Watu walipiga kelele, kikaahirishwa, kikaja kutoka Aprili 2025 kikiwa kimewekewa sharti la mwenye kompyuta kukiwasha mwenyewe. Kipo kwenye kompyuta za aina maalumu tu, mpya na za bei. Kompyuta ya mtumba yenye Windows 10 pale stesheneri haina uwezo huo hata ikitaka.

Sheria, kwa kifupi: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake. Kenya inayo ya kwake tangu 2019. Mwenye duka anayekusanya nyaraka za watu kwenye Downloads mwaka mzima anashika taarifa binafsi, ajue asijue.

Tukirudi Sinza. Kijana hakuwa mkaidi. Alifuta zile nakala mbili, akamwaga kapu la taka la Windows, akasafisha orodha ya Word mbele ya yule mama, akaweka sifuri. Nilimsaidia kutafuta sehemu ya Display. Mama akachapiwa barua yake mpya, akakaa hapo hapo mpaka akaona nayo imefutwa, akaaga.

Wiki iliyofuata nilipita tena. Mwanafunzi mmoja alikuwa amesimama pale na jasho linamtoka. Utafiti wake alianza kuchapiwa jana yake, leo ndiyo siku ya kukabidhi, na hakuna aliyekumbuka ulihifadhiwa folda ipi. Zamani wangefungua Word tu na kubofya jina la kwanza. Kijana alinitazama kwa jicho la lawama.

"Kaka, ile sifuri yako."

Tukatafuta kwa tarehe kwenye dirisha la mafaili. Tuliupata ndani ya Downloads, unaitwa "SURA YA KWANZA".